Siku Nilipoigawa Sauti ya Baba Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye ngazi za mama mkwe, viatu mkononi. Kwa aliyelikosa gazeti, habari kwa ufupi ni hii. Mimi ni dijei wa kubeba vyombo: unanialika kwenye sherehe yako, nakuja na spika, mixa na waya, napiga, nafungasha, naondoka. Kazini wananiita Radi. Mke wangu ni fundi wa kushona. Miezi miwili iliyopita, bila kumwuliza, niliichukua cherehani yake nikaibadilisha kwa mixa kubwa. Aliporudi akaikuta meza tupu. Alikunja nguo zake akaenda kwao.

Leo naendelea, na nawaonya mapema. Nikikumbuka ya Jumamosi ile mdomo unanijaa mate kama mtu aliyemeza nzi, na kinyaa chenyewe najionea mwenyewe.

Basi, nipo ngazini. Mama mkwe akatoka, akanitazama miguu.

"Mbona umevua viatu?"

"Vina tope, mama."

"Na wewe je?"

Nikatazama chini. Viatu vyangu ni vyeupe, ndivyo ninavyopenda, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nilivisugua kwa kidole kama mtoto.

"Jumamosi mdogo wa mkeo anaolewa," akasema. "Mtu wa muziki tuliyekuwa naye ameugua. Utapiga wewe. Siku ikiisha bila aibu, utaondoka na mkeo hapo hapo ukumbini, begi lake nitalibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Ikiisha kwa aibu, ngazi hizi usizikanyage tena."

"Na mwenyewe amekubali?"

"Amesema atafanya nitakavyosema mimi."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza swali la pili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu.

Siku ya Ijumaa akanijia kaka wa mke wangu. Ni mwalimu, mtu wa maneno machache na kola iliyopigwa pasi, na sisi hatukuwahi kupatana. Alinipa flashi ndogo imefungwa kwenye karatasi, kama mtu anayempa mwenziwe dawa.

"Sauti ya baba imo humu," akasema. "Nilimrekodi alipokuwa anaumwa. Mimi nauliza, yeye anajibu. Kila mtoto alimwachia neno lake."

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa mahakama. Alifariki mwaka jana.

"Faili ni moja, refu," shemeji akaendelea. "Anza dakika ya tisa. Hapo anambariki mdogo wetu. Akimaliza atakohoa mara mbili. Kikohozi cha pili, zima. Umenielewa, shemeji?"

"Si ungelikata tu, ukabakiza hicho kipande?"

"Nilikaa nalo siku tatu. Mkono ulikataa kumkata baba." Akakaza sauti. "Na mama hajaisikia sauti hiyo tangu tulipomzika mzee. Hajui kama ipo. Hii ndiyo zawadi yake. Kikohozi cha pili, zima."

Nikamhakikishia. Mimi kwa kuhakikisha sijambo.

Sasa nieleze jambo la kazi yetu. Dijei hasikilizi kitu kwa masikio mawili. Hedifoni unaivaa sikio moja, la pili unawaachia watu, na mazoea hayo ukishayapata unakwenda nayo mpaka kitandani. Usiku huo wa Ijumaa sikujisumbua. Asubuhi nikiwa napakia vyombo ndipo nikaichomeka ile flashi, nikabana hedifoni kwenye sikio la kulia. Nikamsikia shemeji anauliza, "Baba, una neno gani kwa mdogo wetu?" Kisha kimya. Kisha kitu kama kiti kinacholalamika.

Nikasema moyoni, mzee alikuwa hoi, sauti lazima itakuwa imefifia, nitaipandisha huko huko. Nikachomoa.

Harusi ilikuwa kwenye bwalo la chuo cha ufundi, saa nane mchana. Bwalo lenyewe limejengwa kwa mkunjo, kama mkono uliokunjwa, na jikoni iko pale kwenye kiwiko. Aliyekaa upande huu hamwoni aliyekaa upande ule. Upande mmoja walipangwa ndugu wa bibi harusi, upande wa pili ndugu wa bwana harusi pamoja na meza kuu. Hewa ilinuka matambara ya kufutia sahani. Nilipoishika meza niliyopewa, vidole vyangu vikagusa chini yake ubani wa kutafuna ulioganda, wa miaka na miaka, mmoja juu ya mwingine. Nikajifuta kwenye suruali na bado nikausikia.

Waya nilikuwa nimeazima kwa Mzee Waya. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, kabla sijajiona nimemzidi. Alikuja nazo mwenyewe, akatembea bwalo lote kwa hatua, akipiga makofi kila baada ya hatua tano na kusikiliza. Kisha akarudi kwenye mixa yangu.

"Spika umeziweka wapi?"

"Ya kushoto kule kwa bwana harusi. Ya kulia hapa kwetu."

"Na huu utepe mweusi umefunika nini?"

Alikuwa anajua. Mixa ina kitufe cha kuunganisha sauti ya kushoto na ya kulia ziwe kitu kimoja, spika zote zitoe kilekile. Hiyo ndiyo mono. Usipokibonyeza, kila spika inatoa upande wake, gitaa huku, ngoma kule, na hiyo ndiyo stereo. Kitufe hicho nilikuwa nimekifunika kwa utepe nisije nikakigusa kwa bahati mbaya.

"Utoe," akasema.

"Mzee wangu, mono ni ya redio ya kinyozi."

"Kinyozi hajawahi kufukuzwa harusini."

"Nimebadilisha cherehani ya watu kwa hii mixa. Leo niifanye redio?"

"Mwanangu, stereo ni ya mtu mmoja aliyekaa katikati ya spika mbili. Hapa kuna watu mia mbili, na ukuta umejipinda. Nani amekaa katikati?"

"Mimi."

"Basi umejijibu." Akafunga mkoba wake wa koleo. Alipofika mlangoni akageuka kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaona si kazi yake.

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshaanza kunuka.

Mke wangu aliingia saa saba na nusu, pini mdomoni, akipitia vitambaa vya meza kimoja kimoja. Alikuwa amekonda. Nikajitengeneza kola.

"Za siku?"

Akatoa pini mdomoni. "Nzuri."

"Leo tunarudi nyumbani."

"Mama amesema hivyo." Akarudisha pini, akaenda meza ya pili.

Nikaona mambo yameiva. Nawaambia ukweli, nikaona yameiva.

Muziki ukaanza, na hazikupita nyimbo nne akatokea pale kwenye kiwiko shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye soda mkononi.

"Baba, huku kwetu mwimbaji haimbi."

"Anaimba, shangazi. Sikiliza." Nikamwonyesha spika ya kulia, mwimbaji anajimwaga.

"Hapa anaimba. Kwetu ni ngoma tupu. Tunacheza kama watu wanaotwanga."

"Hiyo ni stereo. Sauti ya kisasa."

"Basi ya kisasa imetusahau," akasema, akanywa soda yake, akarudi alikotoka. Wanawake wa upande wetu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, nikiwa nadhani tunamcheka yeye.

Saa tisa na robo mshereheshaji akaomba watu wote watulie. Akasema familia ina zawadi. Akasema baba wa bibi harusi hayupo, lakini neno lake lipo. Bwalo likanyamaza pande zote mbili.

Shemeji mwalimu alikuwa ameitwa jikoni dakika hiyo hiyo, wapishi wanagombania sahani. Alinipita mbio, akaniinulia vidole viwili: kikohozi cha pili. Nikamwinulia dole gumba.

Mama mkwe alisogeza kiti chake mpaka karibu kabisa na spika ya kulia. Alikaa kwa adabu, mikono mapajani, kama mtu anayemngojea mgeni sebuleni.

Nikabonyeza.

"Baba, una neno gani kwa mdogo wetu?" ikasema spika. Sauti ya shemeji, safi kabisa.

Kisha kimya. Kiti kikalia.

Mama mkwe akangoja. Akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kugusa kitambaa cha spika. Akanitazama.

"Mbona simsikii?"

Nikamwinulia kiganja, subiri. Nikapandisha sauti. Kiti kikalia zaidi. Kutoka upande wa pili wa ukuta uliojipinda kulikuja mngurumo wa mtu anayeongea mbali, maneno hayashikiki, kama jirani nyuma ya ukuta.

"Endelea, baba," ikasema spika yetu. Kisha kimya tena.

"Ni masikio yangu?" mama mkwe akamwuliza binti yake.

"Hapana, mama," mke wangu akasema. "Hata mimi." Akanitazama mimi.

Nikajitia hamnazo. Nilivaa hedifoni masikio yote mawili, nikainama kwenye mixa, nikaanza kutafuta wimbo wa keki. Mjane yuko hatua mbili kutoka kwangu anaitafuta sauti ya mumewe kwenye sanduku la mbao, na mimi natafuta wimbo wa keki. Nimekuwa mtu wa ajabu maishani, lakini hapo nilijipita.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa baadaye na yule shangazi. Kwao sauti ya marehemu ilikuja kama yuko mezani. Alimbariki binti yake wa mwisho kwa maneno mazuri mpaka bibi harusi akaharibu rangi ya macho, na mama wa bwana harusi akampa leso yake. Kisha marehemu akakohoa mara mbili.

Upande wangu hakukuwa na kikohozi. Na hata kingekuwepo, mimi nilikuwa kwenye keki.

Kule kwao ikapita kimya kidogo, kisha marehemu akasema, waziwazi, "Huyo? Sikumpenda tangu siku ya kwanza."

Leso ikasimama njiani.

"Mpenda sifa," akaendelea marehemu. "Anavaa viatu vyeupe hata mvua ikinyesha."

Watu wote wakatazama chini ya meza kuu. Bwana harusi naye alikuwa amevaa viatu vyeupe, vipya, vya kung'aa.

"Na mama yake ndiye aliyemharibu. Kamlea kama yai."

Mimi kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa mkono. Ulininyanyulia hedifoni kutoka sikio moja. Mwenye mkono alikuwa mjomba wa bwana harusi, mtu wa bucha, na ulinuka sabuni na bado ulinuka bucha.

"Zima," akasema.

"Unataka wimbo gani, mjomba?"

"Mzime marehemu."

Nikazima. Hapo ndipo nikalisikia bwalo. Viti vinaburutwa, wanawake wa upande ule wanakusanya mikoba, mtu anaita madereva. Mama wa bwana harusi akatokea kwenye kiwiko bila leso.

"Tumekuja kwa heshima," akamwambia mama mkwe wangu, "halafu mnamtoa mtu kaburini aje kunitukana?"

"Nani amekutukana?" Mama mkwe alisimama. "Mimi sijasikia neno lolote la mume wangu. Nimesikia maswali tu."

"Maswali gani? Sisi hatukusikia swali hata moja."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, na nyuma yao nikamwona shemeji mwalimu ametoka jikoni, kitambaa begani, uso umemkauka.

"Hukusikia kikohozi?" akaniuliza.

"Kikohozi gani?"

Nilipokuwa naitamka hiyo "gani" ndipo nikaelewa. Siku ile ya kurekodi shemeji alifunga maiki mbili ndogo, moja kwenye kola ya baba yake na moja kwenye yake. Ya baba ikaingia kushoto, yake ikaingia kulia. Mimi na stereo yangu ya kifalme tukamkata mzee vipande viwili. Majibu nikawapelekea wageni. Maswali nikampa mjane.

Na kwa jinsi shemeji alivyonitazama, niliweza kukisia marehemu alikuwa anamsema nani.

Kumbukeni ahadi ya ngazini. Siku ikiisha kwa aibu, sina mke. Nikisema "ni mimi", aibu ni yangu, mbele ya watu mia mbili. Nikikaa kimya, ni ya bwana harusi wa watu, na huyo mimi sikumwahidi kitu. Hesabu hiyo niliipiga kwa kasi ambayo sijawahi kuipata kazini, na jibu nililolipata bado linanitia kichefuchefu.

"Ni waya," nikasema. "Waya mbovu. Niliziazima kwa mzee mmoja, nikamwambia kabisa zina matatizo."

Mtu wa bucha akanisogelea. "Waya ndio umejua mama wa kijana wetu alivyomlea?"

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi alikuwa ameshafika, gauni kalikusanya kwa mikono yote miwili, macho meusi mpaka mashavuni. Hakumtazama mama yake wala kaka yake.

"Shemeji," akaniambia. "Baba alikuwa anamsema nani?"

Angeniuliza kwa ukali ningedanganya tena. Aliniuliza taratibu. Nikamtafuta mke wangu kwa macho, nikamkuta amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, hanisaidii wala hanizuii.

"Mimi," nikasema.

"Unamkingia marehemu," akasema mtu wa bucha. "Dijei huyu amepewa kitu aseme hivyo. Iweke tena tangu mwanzo. Maswali na majibu pamoja, pande zote tusikie."

Shemeji mwalimu akanishika mkono juu ya mixa. "Usiiweke," akanong'ona. "Waambie lolote. Nakuomba, usiiweke."

Nilidhani ananionea huruma mimi. Miaka tisa hajawahi kunionea huruma, na bado nikadhani hivyo, kwa sababu mtu wa sifa hata msibani anadhani maiti ni yeye.

"Wacha wasikie," nikamwambia. Nikapiga moyo konde, nikabandua utepe mweusi, nikakibonyeza kitufe. Mono. Nikarudi dakika ya tisa.

"Baba, una neno gani kwa mdogo wetu?" zikauliza spika zote mbili.

"Ninalo," akajibu baba mkwe.

Mama mkwe akakaa chini. Hakukitafuta kiti, kwa bahati kilikuwa nyuma yake. "Ndiye," akasema. Alisikiliza baraka zote za mwanawe huku anaitikia kwa kichwa, kama mzee yuko mbele yake anampa maelezo ya safari. Vikaja vikohozi viwili. Nikasikia shemeji anavuta pumzi.

"Na mume wa dada, baba? Yule wa muziki?"

"Huyo? Sikumpenda tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Mpenda sifa. Anavaa viatu vyeupe hata mvua ikinyesha. Anapenda kusikika, kusikia hapendi. Na mama yake ndiye aliyemharibu. Kamlea kama yai."

Macho ya watu yakashuka kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii kwenye miguu yangu.

Wa kwanza kucheka alikuwa mtu wa bucha. Alicheka akashika meza, akaugusa ule ubani chini yake, akaangalia vidole vyake, akaendelea kucheka. Kicheko kikazunguka kona, kikaingia upande wa pili. Mama wa bwana harusi akaweka mkoba mezani, akamshika mama mkwe mikono, wakaombana radhi. Bwana harusi mwenyewe akaja kunipa pole, na kiatu chake cheupe kikasimama kando ya changu. Harusi ilikuwa imepona.

Nami nikatabasamu. Hilo pia nalikiri. Nilitabasamu kwa sababu nilianza kujipigia hesabu kwamba aibu hii labda itahesabiwa kuwa ushujaa, kwamba nimeokoa siku, kwamba begi bado litabebwa mpaka mlangoni. Watu wananicheka usoni na mimi nafikiria begi.

Katika makelele hayo nikasahau kuzima.

"Dada ana raha kule kwake?" zikauliza spika.

Shemeji akaruka, akafika kwenye mixa, lakini hakujua kitufe ni kipi.

"Hana," akasema baba mkwe.

Watu wa karibu wakanyamaza kwanza. Kimya kikasogea meza kwa meza.

"Umejuaje?"

"Amekuja hapa na begi mara tatu. Mama yako akiwa kazini. Mara zote tatu nimemrudisha kabla mama yako hajaingia." Mzee akapumua kwa taabu, na pumzi ile ikajaa bwalo zima. "Nilimwambia, miaka thelathini nimeandika talaka za watu mahakamani, sitaiandika ya kwangu. Akabeba begi lake akarudi. Hakubisha hata mara moja. Sasa naumwa tumbo, na hilo linaniuma kuliko tumbo."

Mara tatu. Nilizikumbuka zote. Aliniaga kwamba anakwenda kumsalimia baba. Aliporudi nilimwuliza, mzee hajambo? Akasema hajambo. Nikaendelea kukunja waya zangu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anakwenda kusalimia asubuhi na begi la nguo, kisha jioni analirudisha kabatini.

Mama mkwe aligeuka polepole kwenye kiti chake. "Mara tatu?" akamwuliza binti yake. "Na mimi leo nimekupanga urudi mara ya nne?"

Bibi harusi alikuwa amemshika dada yake mkono.

Mtu wa bucha akavua kofia, sijui kwa nini. Nilitamani wote waanze kucheka tena.

"Zima sasa," shemeji akaniambia. "Shemeji, zima. Hiyo inatosha."

Nilikuwa nimeshaweka kidole. Niliutaka ukimya ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na kilikuwa kinashuka.

"Usizime," akasema mke wangu.

Alikuwa amekuja mpaka mbele ya meza yangu, na hilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia siku nzima bila kuulizwa.

"Siku hiyo nilikuwa mlangoni na chai yake," akasema. "Sauti inayofuata ni yangu."

Nikamtazama kaka yake, akaangalia pembeni. Nikamtazama mama mkwe, naye alikuwa anaitazama spika.

Nikaondoa kidole. Pande zote mbili za bwalo kikasikika kikombe kinawekwa mezani, kisha mke wangu, yule wa mwaka jana, akamwuliza baba yake, "Baba, sasa naweza kusema kweli?"